Chembe nano za oksidi ya zinki kwa majani ya mwarobaini: dalili, sababu na marekebisho

Mwongozo huu ni wa wanaotengeneza chembe nano (chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita) za oksidi ya zinki kwa dondoo la majani, yaani maji yaliyobeba kemikali za jani, hasa mwarobaini na mlonge, kwenye maabara za vyuo zenye vifaa vya kawaida: kikoroga cha sumaku, oveni, tanuri, mizani na sentrifuji ndogo. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu aliyekwama hatafuti nadharia, anataka kujua kwa nini bika lake bado lina maji ya kahawia tu. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi na ukaguzi usiogharimu kitu.

Utaratibu ninaoufikiria ni huu. Gramu 10 za majani yaliyokaushwa kivulini na kusagwa, ndani ya mililita 100 za maji yaliyokenekwa, nyuzi 70 za Sentigredi kwa dakika 30, kisha chuja mara mbili. Mililita 100 za asetati ya zinki 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), yaani gramu 2.195 za ile yenye molekuli mbili za maji. Dondoo mililita 10 hadi 20. Kostiki (hidroksidi ya sodiamu) 1 M tone kwa tone hadi pH 10 au 11, koroga saa 2 kwenye nyuzi 70, osha, kausha kwenye nyuzi 80, choma kwenye nyuzi 450 kwa saa 2. Kama vipimo vyako vinatofautiana kidogo na hivi si tatizo. Ila viandike.

Kwanza kabisa: chupa tatu

Asilimia kubwa ya mkanganyiko ungekwisha kama kila mtu angeanza na chupa tatu badala ya moja. Chupa A ina zinki, kostiki, na maji matupu badala ya dondoo. Chupa B ina dondoo na kostiki, bila zinki. Chupa C ndiyo jaribio lenyewe. Zote zipite hatua zilezile, siku ileile, hadi kwenye tanuri.

Sababu yake ni ya msingi. Kwa fedha au dhahabu, kemikali za majani hutoa elektroni, ayoni ikageuka kuwa metali. Kwa zinki hilo halitokei: inaingia ikiwa na chaji mbili chanya na ndani ya oksidi inabaki na chaji zilezile. Anayeangusha tope, yaani unga unaojitenga na maji, ni kostiki. Jani linaweza kushika ayoni za zinki, kupunguza kasi ya ukuaji wa fuwele na kufunika chembe zisishikamane, na hiyo ni kazi kubwa, lakini kostiki peke yake nayo hutoa oksidi ya zinki nzuri tu. Bila chupa A huwezi kusema jani lako limefanya nini. Nasoma ripoti nyingi zinazolisifia jani kwa kazi ambayo hakuna aliyehakikisha kwamba limeifanya, na zinaniuma, maana mwanafunzi ametoka jasho kweli na ushahidi wake haupo.

Mambo ya usalama yasiyosubiri

Kostiki inaunguza ngozi na inaweza kupofusha. Vaa miwani ya kinga na glavu tangu unapopima vidonge vyake. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, na mwenzako aanze kutafuta usafiri wa hospitali wakati unaosha. Kazi hii haifanyiki jikoni, wala kwa sufuria itakayorudi jikoni. Na kwa kuwa mwarobaini na mlonge ni dawa zinazojulikana kila nyumba, niseme wazi: unga unaotoka hapa haunywewi, haupakwi kwenye kidonda, haupewi mgonjwa. Jani kuwa dawa hakuufanyi unga wa zinki kuwa dawa.

Dalili: "Nimemimina kostiki na hakuna tope"

Mara nyingi pH haijafika unapodhani imefika. Karatasi ya pH hudanganya hapa kwa sababu dondoo lenyewe ni la kahawia na linaipaka karatasi rangi, nawe unalinganisha rangi ya jani na chati. Tumia mita ya pH iliyosawazishwa kwa bafa za 4, 7 na 10. Kama ni karatasi tu unayo, acha chembe zitulie, chukua tone la maji ya juu na uligusishe pembeni mwa karatasi, kisha soma ukingo wa unyevu uliosambaa, si pale tone lilipoangukia.

Ya pili ni kostiki iliyochoka. Vidonge vilivyoshikana ndani ya kopo vimekunywa unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani, kwa hiyo gramu 4 ulizopima si gramu 4 za kostiki. Hesabu inakusaidia kugundua: mililita 100 za zinki 0.1 M zina moli 0.01, zinahitaji moli 0.02 za kostiki, yaani karibu mililita 20 za 1 M, na kiasi kidogo cha ziada kwa asidi za jani. Ukimimina mililita 30 na pH bado haijavuka 8, fungua kopo jipya. Usiogope pH ikikwama kwa muda huku ukungu mweupe ukiongezeka, kwani kostiki inatumika kuangusha zinki kabla haijaanza kupandisha pH.

Sababu isiyo ya kawaida sana ni dondoo kupita kiasi. Asidi za kimea na polifenoli (kundi la kemikali za mimea, tanini zikiwemo) hushika zinki zikaizuia isianguke. Rudia kwa nusu ya kiasi cha dondoo. Kama chupa A imetoa tope na C haijatoa, jibu umelipata.

Dalili: "Tope lilikuwepo, likatoweka"

Umepitiliza. Hidroksidi ya zinki hukubali asidi na besi pia, hivyo kostiki ikizidi inayeyuka na kuwa zinkati, kimiminika angavu kisicho na ukungu. Chukua mililita 5 za kimiminika hicho, ongeza maji ya moto yaliyokenekwa mililita 50 na uache kwenye nyuzi 70. Ukungu ukirudi, ni zinkati. Unaweza kuokoa kazi kwa kuongeza maji, au kwa asidi asetiki 0.1 M tone kwa tone hadi pH ishuke kwenye 11. Asidi kali haimiminwi humo: joto litapanda ghafla na kimiminika kitaruka. Ukweli ni kwamba kundi lililookolewa hivi lisichanganywe na mengine kwenye jedwali la matokeo, kwa sababu fuwele zake zimekua katika mazingira tofauti.

Dalili: "Tope limetokea kabla sijaweka kostiki"

Hapa wengi hufurahi wakidhani jani limefanya kazi peke yake. Tope la kahawia lenye nyuzinyuzi ni tanini na protini zilizoshikana na zinki. Chuja dondoo upya, liache kwenye friji usiku mmoja, kisha lipitishe kwenye sentrifuji kabla ya matumizi. Tope jeupe safi ni jambo jingine: yawezekana ni oksalati ya zinki. Majani yenye asidi oksaliki nyingi, na mchicha ni mfano unaojulikana, huangusha chumvi hiyo isiyoyeyuka. Ukiichoma kwenye nyuzi 450 itavunjika na kukupa oksidi ya zinki, lakini njia uliyopita siyo uliyoiandika kwenye pendekezo lako la utafiti. Badili jani, au badili maelezo.

Dalili: "Rangi ilibadilika mara moja, basi chembe zimeundwa"

Tazama chupa B. Flavonoidi, aina moja ya polifenoli, hugeuka njano kali ikikutana na besi, na polifenoli hupata ukahawia kwa oksijeni ya hewani. Mabadiliko hayo yatatokea bila zinki hata kidogo. Kwenye fedha rangi ina maana kubwa, kwa vile chembe za fedha zenyewe hufyonza mwanga unaoonekana, karibu na nanomita 400 hadi 450. Oksidi ya zinki ni nyeupe. Rangi ya bika haikuambii kitu.

Dalili: "Wiki hii nimepata tofauti na wiki iliyopita"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na jibu karibu kila mara liko kwenye jani. Jani si kemikali ya kwenye chupa yenye lebo. Mwarobaini uliochumwa baada ya mvua za masika, majani yakiwa bado machanga na mekundu-mekundu nchani, hauna kiasi kilekile cha polifenoli na ule wa kiangazi wenye majani yaliyokomaa. Majani yaliyoanikwa juani yamepoteza sehemu ya kemikali zake kuliko yaliyoanikwa kivulini. Unga uliosagwa kwa blenda na ule uliotwangwa kwenye kinu hautoi dondoo sawa, kwa kuwa ukubwa wa punje ni tofauti.

Anza na vitu rahisi. Chuma mti mmoja, majani yaliyokomaa, na uandike tarehe na mahali. Safisha vumbi, maana majani ya kando ya barabara ya vumbi jekundu yanaingiza chuma kwenye zinki yako. Anika kivulini hadi jani livunjike likikunjwa. Saga yote kwa siku moja, pitisha kwenye chekecheo moja, hifadhi kwenye chupa ya giza yenye kifuniko. Unga wa mradi mzima utoke kwenye mavuno hayo.

Kisha pima ukolevu wa dondoo. Huu ni ukaguzi unaopuuzwa na ni wa bei ya bure. Pima uzito wa kisahani kikavu, weka mililita 10 za dondoo, kausha kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, pima tena. Tuseme wiki iliyopita ulipata gramu 0.18, yaani miligramu 18 kwa kila mililita, na wiki hii umepata miligramu 11. Ukiweka mililita 10 kila mara, umeweka miligramu 180 safari ile na 110 safari hii, halafu unashangaa chembe zimekua. Safari hii ulitakiwa kuweka mililita 16.4, na kupunguza maji kwa ile ziada ya mililita 6.4 ili ujazo wote ubaki uleule. Tangu sasa andika miligramu za jani, siyo mililita za dondoo.

Mwisho angalia umri wa dondoo. Kwenye friji ya nyuzi 4 linakaa siku chache. Likiwa na utando juu, povu lisiloisha, harufu ya kuchacha, au pH iliyoshuka sana kulinganisha na siku ya kwanza, mwaga. Umeme ukikatika usiku kucha, dondoo la kwenye friji lihesabu limeharibika.

Dalili: "Uzito umezidi kiasi kinachowezekana"

Moli 0.01 za zinki haziwezi kutoa zaidi ya gramu 0.81 za oksidi. Ukipima gramu 1.3 baada ya kukausha kwenye nyuzi 80, hakuna muujiza: kuna hidroksidi ya zinki, maji, asetati, na mabaki ya jani. Choma kwanza ndipo upime.

Kama uzito unazidi 0.81 hata baada ya tanuri, hukuosha vizuri. Asetati ya sodiamu iliyobaki hugeuka kabonati ya sodiamu kwenye moto na kukaa humo. Chukua unga kidogo uliochomwa, tikisa ndani ya maji yaliyokenekwa na pima pH ya maji hayo: ikiwa 10 au zaidi, kuna sodiamu. Osha upya kwa maji mara tatu au zaidi hadi maji ya mwisho yakaribie pH ya maji uliyoanza nayo, malizia na ethanoli, kausha, choma tena.

Uzito mdogo mno, kwa mfano gramu 0.3, mara nyingi umemwagwa pamoja na maji ya kuoshea. Chembe ndogo hazitulii chini kwa mvuto tu. Shikilia maji ya juu uliyomwaga, yaache usiku, tazama kama kuna utando mweupe chini. Zungusha kwa muda mrefu zaidi au kwa kasi zaidi, ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye mashine na kwenye mirija yako.

Simama hapa kidogo kwa ajili ya sentrifuji. Mirija iwekwe ikitazamana, yenye uzito sawa, ukipima kwa mizani na siyo kwa macho. Mashine ikianza kutetemeka au kugonga, bonyeza kitufe cha kuzima na usogee mbali. Usiufungue mfuniko rota ikiwa bado inazunguka, na usiiwashe tena "kuona kama itatulia". Mwite fundi sanifu wa maabara. Rota yenye ufa hairekebishwi, inatupwa.

Dalili: "Unga umetoka na rangi kwenye tanuri"

Ukiuona wa njano ukiwa bado wa moto, subiri. Oksidi ya zinki huwa ya njano ikipashwa moto na hurudi nyeupe ikipoa. Wapo waliomwaga unga mzuri kwa kutojua hilo.

Kijivu au mweusi ni kaboni ya jani ambayo haikupata hewa ya kutosha. Kikombe cha kauri kilijazwa sana, au kilifunikwa, au muda ulikuwa mfupi. Tandaza unga mwembamba, acha wazi, rudisha kwenye nyuzi 500 kwa saa moja zaidi. Kumbuka kila unapopandisha joto fuwele hukua, kwa hiyo usikimbilie nyuzi 700 kutafuta weupe.

Wa njano au wa pinki hata baada ya kupoa: kuna chuma. Tafuta vumbi, kijiko chenye kutu, au maji ya bomba kuukuu.

Tahadhari kubwa iko kwa wanaotumia nitrati ya zinki badala ya asetati. Nitrati ni kioksidishaji, jani kavu ni kuni, na mchanganyiko wa viwili hivyo ukipashwa moto unaweza kuwaka ghafla ndani ya tanuri na kutoa moshi wa kahawia wa dayoksaidi ya nitrojeni, unaoharibu mapafu. Dhara lake linaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Osha nitrati yote itoke kabla ya kukausha, choma kiasi kidogo, pandisha joto polepole, karibu nyuzi 5 kwa dakika, tanuri likiwa chini ya kabati la kufyonza hewa. Ukiona moshi wa kahawia usifungue mlango: zima kwenye swichi kuu, toka, funga chumba, mwite msimamizi. Aliyevuta moshi huo apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Na tanuri linaloangusha swichi kuu kila likiwashwa ni kazi ya fundi umeme, siyo ya mwanafunzi mwenye bisibisi.

Dalili: "UV-Vis haina kilele, au kilele kiko mahali pengine"

UV-Vis ni kipimo cha mwanga unaofyonzwa na sampuli. Oksidi ya zinki hufyonza mwanga kati ya nanomita 360 na 380. Mstari unaoshuka taratibu bila kilele mara nyingi ni unga unaotulia chini ya kiveti wakati unapima, au vijipande vikubwa vinavyotawanya mwanga. Kiveti ni kichupa cha kupimia. Weka unga kidogo sana, tumia ethanoli, weka kwenye bafu la mawimbi sauti dakika 10, pima papo hapo. Hakikisha pia kiveti ni cha kwatzi, kwani cha plastiki au kioo cha kawaida huanza kufyonza mwanga wenyewe ukishuka chini ya nanomita 340 au hivi.

Kilele cha 270 hadi 330 ni polifenoli. Mtego mkubwa zaidi ni huu: flavonoidi kama kwesetini nayo ina kilele karibu na 370, palepale tunapoitafuta zinki. Ukipima kimiminika cha kahawia kabla ya kuosha na ukaona 370, hujathibitisha chochote. Pima dondoo peke yake, pima chupa B, kisha pima unga uliochomwa. Kilele kikibaki baada ya jani kuungua, hicho ni cha zinki.

Dalili: "XRD ina vilele vya ziada"

XRD husoma mpangilio wa fuwele kwa eksirei. Oksidi ya zinki ya kawaida ina vilele kwenye pembe (2θ) karibu na 31.8, 34.4, 36.3, 47.5, 56.6, 62.9 na 67.9 kwa eksirei za shaba, kulingana na kadi rejea ya JCPDS 36-1451. Kila kilele kisicho humo kina mwenyewe.

Vilele vikali kwenye pembe ndogo, chini ya 15, vinaashiria hidroksidi za zinki zenye matabaka ambazo bado zimeshika asetati, nitrati au kloridi. Choma upya kwenye nyuzi 450. Ikiwa ni kloridi, chanzo huwa maji. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na maji ya "distili" ya dukani si yote yanayostahili jina hilo. Ukaguzi: weka maji kidogo kwenye mrija, tone la asidi nitriki hafifu, matone mawili ya nitrati ya fedha. Ukungu mweupe ni kloridi. Wanaonunua maji ya betri wasome lebo mara mbili, maana asidi ya betri nayo huuzwa kwenye rafu hiyohiyo. Vilele vingine vya ziada huweza kuwa kabonati ya sodiamu ya unga usiooshwa, au kalsiamu na potasiamu za majivu ya jani. Hapo ndipo chupa B inapolipa gharama yake: majivu yake yana vilele vyake, ondoa kwa kulinganisha.

XRD yenye mlima mmoja mpana bila vilele inamaanisha unga haujawa fuwele, au sampuli ilikuwa kidogo kiasi kwamba mashine imesoma kishikilia sampuli. Kama chuo chako hakina XRD, ulizia idara ya jiolojia ya chuo jirani kabla ya kutuma nje ya nchi.

Dalili: "Ukubwa wa chembe haupatani"

Fomula ya Scherrer ya mwaka 1918 inatumiwa kila siku na kukosewa kila siku. D = Kλ / (β cos θ). D ni ukubwa wa fuwele, K ni 0.9, λ (urefu wa wimbi la eksirei) ni nanomita 0.15406, β ni upana wa kilele na θ ni nusu ya pembe yake. Chukua kilele cha 36.25 chenye upana wa nyuzi 0.40 kwenye nusu ya kimo. Upana huo lazima ugeuzwe kuwa radiani: 0.00698. Pembe ya θ ni nusu ya 36.25, yaani 18.125, kosaini yake 0.950. Jibu ni nanomita 20.9.

Ukisahau radiani utapata 0.36, ambayo ni ndogo kuliko urefu wa seli moja ya fuwele ya oksidi ya zinki, nanomita 0.52. Ukisahau kugawanya pembe kwa mbili, kosaini itakuwa 0.806 na jibu litapanda hadi 24.6, kosa hili ni baya zaidi kwa sababu jibu linaonekana la kweli. Mashine nayo huongeza upana wake kwenye kilele, hivyo mwombe anayeiendesha akupe kipimo cha sampuli rejea.

Hata hesabu ikiwa sahihi, 20.9 ni ukubwa wa fuwele. Darubini ya elektroni inaona chembe, ambayo yaweza kuwa fuwele kadhaa zilizoungana. Kipimo cha DLS (cha mwanga unaotawanywa na chembe zinazoelea) kinaona kundi zima likielea pamoja na maji yanayolizunguka. Kupata 21 kwenye XRD na 300 kwenye DLS hakumaanishi mashine moja mbovu. Kunamaanisha chembe zimegandana. Ziandike namba zote mbili, usifiche ile kubwa.

Kugandana kwenyewe kuna sababu tatu za mara kwa mara. Unga ulikaushwa ukiwa na maji, yakazivuta chembe pamoja yalipokuwa yakikauka. Osha mara ya mwisho kwa ethanoli. Moto ulikuwa mkali au mrefu. Au unazitawanya kwenye maji ya pH 9 hadi 10, ambapo uso wa oksidi ya zinki hauna chaji na hakuna kinachozisukuma zisigusane. Sogea karibu na pH 7, lakini usiende kwenye asidi, maana zitaanza kuyeyuka. Ukiusaga unga mkavu kwenye kinu cha maabara, vaa barakoa ya FFP2 (ya kuchuja vumbi laini) na ufanye ndani ya kabati. Vumbi hili ni laini kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu.

Kwa wanaotumia chuma au shaba

Dondoo la majani ya chai likikutana na kloridi ya chuma hugeuka jeusi papo hapo, na wengi huandika "chembe nano za oksidi ya chuma zimeundwa". Weusi huo ni polifenoli zilizoshikana na chuma, kemia ileile ya wino wa kale wa tanini. Weka sumaku ubavuni mwa chupa. Chembe zisiposogea, si magnetiti, ile oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku. Magnetiti inahitaji chuma cha aina mbili, Fe²⁺ kwa Fe³⁺ kwa uwiano wa 1 kwa 2, pamoja na besi, na oksijeni izuiwe. Ukichoma weusi wako hewani ukawa mwekundu, umepata hematiti (Fe₂O₃), nayo ni oksidi halali kabisa ya kuandikia ripoti.

Kwa shaba, unga wa rangi ya tofali badala ya mweusi ni oksidi ya shaba yenye chaji moja (Cu₂O), kwa kuwa sukari za jani zimeipa shaba elektroni. Choma hewani kwenye nyuzi 400 utageuka mweusi.

Dalili: "Bakteria hawafi"

Kabla ya kulaumu chembe, laumu njia. Oksidi ya zinki haiyeyuki kirahisi na haisambai vizuri kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria), hivyo kidisiki cha karatasi kinaweza kukosa mduara usio na bakteria hata kama chembe zinafanya kazi. Tumia vishimo kwenye agari, au bora zaidi pima kiwango cha chini kinachozuia ukuaji kwenye mchuzi wa virutubisho, ukitikisa mirija muda wote.

Mduara ukiwepo nao uhojiwe. Weka kishimo cha dondoo tupu lenye miligramu zilezile, kishimo cha asetati ya zinki yenye zinki sawa, na kishimo cha unga wa chupa A. Mwarobaini wenyewe huzuia baadhi ya bakteria, na ayoni za zinki pia. Ikiwa A na C zina miduara sawa, jani halijaongeza kitu kwenye kazi hiyo, na hayo ni matokeo ya kuandikwa kama yalivyo.

Bakteria wa magonjwa hawaoteshwi kwenye maabara ya kemia, hata kama inkubeta ipo. Peleka unga kwa mtaalamu wa mikrobiolojia mwenye kabati la usalama na otoklevu, ukiwa umeandika uzito, tarehe na jinsi ulivyoutawanya. Mabaki ya maji yenye zinki yakusanye kwenye dumu lenye lebo umkabidhi fundi sanifu. Yakifika mtoni au kwenye bwawa la samaki, zinki huua viumbe wa majini.